Mashavu ya Sista Yustina

Dk. Lwitiko alilishika shavu la kushoto la Yustina kwa vidole viwili, akalipandisha hadi karibu na sikio, akaliachia. Shavu likashuka. Akalipandisha tena, akaliachia tena, akilitazama kama mtu anayejaribu zipu mbovu.

"Umeona, mama? Hapa ndipo tatizo lilipo," alisema. "Juu huku uko vizuri sana. Macho hayana neno, paji halina neno. Ni hizi nyama za kwenye taya ndizo zinazokuharibia."

Yustina Komba alikuwa na miaka hamsini na tatu, na tangu alipoacha kuwa mtoto hakuna mtu aliyewahi kumshika shavu namna ile. Alitamani kuukamata ule mkono na kumrudishia mwenyewe. Badala yake aliung'ang'ania mkoba wake, kwa sababu ndani yake mlikuwa na barua ya hospitali, na barua ilimpa hadi Ijumaa saa sita mchana awe ameurekebisha uso wake. Sasa ilikuwa Jumanne.

"Zinaniharibia nini?"

"Usomaji." Daktari alikigeuza kioo cha kompyuta ili naye aone. Uso wa Yustina ulikuwa pale, umepigwa picha dakika tano zilizopita alipokuwa ameketi barazani akisubiri kuitwa. Chini yake kulikuwa na mstari mwekundu: hasira, asilimia sabini na moja.

Nyekundu hiyo aliijua. Kwa siku saba mfululizo ilikuwa ikimsalimu kwenye mlango wa wodi ya wazazi. Vipimauso, vyombo vya kusoma hisia usoni, vilikuwa vimefungwa kwenye kila mlango ambao nyuma yake mtumishi anakutana na mwananchi, kuanzia benki hadi shule ya chekechea. Vilianza kwa nia njema, au ndivyo walivyotuambia. Watu walikuwa wamechoka kupokelewa na sura zilizonuna madirishani, na nani angesimama hadharani kutetea kununa? Kwa hiyo vikafungwa, watu wakapiga makofi, na mwaka wa pili wanawake wa makamo wakaanza kutoweka kwenye madirisha mmoja mmoja. Wengine walirudi baada ya wiki kadhaa wakiwa na nyuso zilizovutwa. Wengine hawakurudi. Mkunga akipata nyekundu siku kumi, mlango haumfungukii tena, na anapelekwa chini kwenye chumba cha kutakasia vyombo, ambako hakuna mama wa kumwona.

"Njia ziko tatu," alisema Dk. Lwitiko, na sauti yake ikapata uchangamfu wa muuzaji. "Ya kwanza ni nyuzi. Sindano inaingia hapa kwenye nywele, inashusha uzi wenye vijino, tunauvuta, shavu linapanda. Saa moja umemaliza na unakwenda kazini. Baada ya mwaka na nusu uzi unayeyuka, tunaonana tena."

Uso wa Yustina kwenye kioo ukapanda kidogo.

"Ya pili ni kisu. Tunafungua mbele ya sikio, tunazunguka nyuma yake, tunaliinua tabaka la misuli lililo chini ya ngozi na kulishona juu. Hiyo ni ya miaka kumi. Utavimba wiki tatu. Na sitakuficha, kuna mshipa wa fahamu unapita hapa. Mgonjwa mmoja katika mia, pembe ya mdomo inalala na haiamki."

"Na ya tatu?"

"Utando hai. Huu ndio mpya, na ndio mwajiri wako anaoupendekeza. Tunauotesha maabara kwa chembe zako mwenyewe, tunautandika chini ya ngozi, unalala humo. Ukifika mbele ya kipimauso unaamka, unavuta. Ukishapita, unalala."

"Nani anauamsha?"

"Mlango."

"Yaani mlango ndio utakuwa unanivuta uso."

Daktari alicheka. "Ukilisema hivyo linasikika vibaya, mama yangu."

"Linasikika lilivyo. Kwa nini msikirekebishe chombo?"

"Chombo hakina shida. Hakina chuki na mtu yeyote. Kimejifunza kwa watu. Mamilioni ya picha, na kila picha watu wawili walikaa wakakubaliana uso ule una nini. Siyo mtu mmoja, wawili. Ndiyo maana kinaaminika."

Hasira ambayo Yustina alikuwa akimwekea kijana huyu tangu amshike shavu ilikosa pa kwenda, ikamgeukia mwenyewe. Alijua vizuri sana wale watu wawili walivyokubaliana, kwa sababu mmoja wao alikuwa yeye.

*

Alikuwa na miaka ishirini na mbili, anasubiri nafasi ya chuo cha uuguzi, na kazi ilikuwa kwenye ghala la zamani la mkonge nje kidogo ya Morogoro. Wasichana sitini, meza thelathini, wawili wawili wamepeana migongo. Picha inatokea, unabonyeza namba. Moja furaha, mbili huzuni, tatu hofu, nne hasira, tano utulivu, sita tabasamu la kughushi. Wewe na mwenzako mkibonyeza sawa, picha inakwenda. Mkitofautiana, inarudishwa, na picha zikirudi nyingi msimamizi anakuja kusimama nyuma yenu na daftari lake.

Nyuso za watu wazima ndizo zilizowasumbua. Kijana akicheka anacheka, akilia analia. Lakini mama mtu mzima amesimama kwenye foleni, mashavu yameshuka, hasemi kitu. Huyo ana nini? Mwenzake wa meza, Tatu Mkude, alikuwa akibonyeza mbili, yeye anabonyeza tano, picha inarudi. Siku moja kwenye chai wakafanya mapatano, na mapatano yakaenea ghala zima kabla ya saa ya kutoka. Kila mwenye mashavu yaliyoshuka ni shangazi, na shangazi siku zote amekuja kusema watu. Mnapeleka nne. Walikuwa wakicheka hata machozi. "Shangazi huyo, nne." "Shangazi mwingine kaja na mkoba, nne." Tangu siku hiyo picha hazikurudi, na msimamizi aliwapongeza mbele ya wenzao kwa umakini wao.

Jumatano asubuhi yule shangazi alikuwa yeye mwenyewe, amesimama mbele ya mlango wa wodi ya wazazi, mashavu yameshuka, amebeba mkoba.

Kabla ya kuingia kwa wazazi alikuwa na kawaida yake tangu ujana. Anasimama, anavuta pumzi, anaacha nje kila alichokuja nacho: ugomvi wa nyumbani, msiba, mguu unaouma. Mama mwenye uchungu hatakiwi kubebeshwa mzigo wa mkunga. Aliacha vyote, uso ukapumzika, akautazama mlango.

"Hasira," kilisema kipimauso. "Asilimia sabini na tatu. Hii ni siku yako ya nane."

Alijaribu kutabasamu. Kikaandika namba sita, tabasamu la kughushi. Bado siku zilikuwepo, kwa hiyo mlango ulimfungukia, taratibu, kwa kinyongo.

Mwantumu alikuwa kitanda cha nne, wiki ya thelathini na nane, amelala ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa. Alikuwa amepoteza watoto wawili. Wa pili alimpoteza katika hospitali nyingine baada ya kusema siku nzima kwamba mtoto ameacha kucheza, na wahudumu ambao vipimauso vilizipa nyuso zao kijani wakamwambia atulie. Safari hii, kwenye wiki ya ishirini na tisa, alisema tena kwamba mtoto amenyamaza. Yustina hakumwambia atulie. Aliweka kipimo tumboni saa hiyo hiyo, akamwita daktari kwa ukali uliomfanya daktari akimbie, na mtoto akaokolewa humo humo tumboni.

"Wanasema Jumamosi hutakuwepo," alisema Mwantumu.

"Nani wanasema?"

"Wanaofagia. Wanasema unapelekwa kwenye vyombo." Alikuwa ameshika kona ya shuka. "Sista, mimi nisikudanganye. Usiponishika mkono wewe, sitaweza. Nitafunga miguu huyu mtoto abaki humo humo."

"Hawezi kubaki. Ana kichwa kikubwa, ameshachoka kukaa kwako."

Mwantumu alicheka kidogo, kisha akaacha. "Utakuwepo?"

"Nitakuwepo," alisema Yustina, na alipotoka pale alikuwa ameshachagua nyuzi, kwa sababu nyuzi ni saa moja na hakuna kuvimba. Alichukia kila hatua aliyoitembea kwenda kuweka miadi.

*

Ijumaa saa nne na nusu asubuhi, kwa Dk. Lwitiko, walimwingiza kwanza kwenye chumba cha usajili wa nyuso, chumba kidogo chenye meza moja na vibonyezo pande mbili. Upande wa pili alikaa mwanamke mwenye koti jeupe, uso umevutika hadi masikioni, mdomo umenyooka.

"Yusta," alisema yule mwanamke. "Shoga yangu. Umekuwa mtu mzima."

Ilimchukua Yustina muda kumtafuta Tatu Mkude ndani ya uso ule. Alimpata kwenye sauti tu.

"Wanatuajiri sisi wa zamani," Tatu alieleza, akifungua faili. "Kazi tunaijua. Hapa ni kama kule, ila sasa tunatazamana. Hii ni picha yako ya kabla. Unaiwekea lebo wewe mwenyewe, mimi naiwekea, tukikubaliana mashine ya nyuzi inafunguka kwa daktari. Tusipokubaliana, haifunguki."

"Inakwenda wapi hiyo lebo?"

"Kwenye mafunzo ya vipimauso vipya. Ndiyo zile za thamani, Yusta. Mwenye uso akisema mwenyewe kwamba hapa nilikuwa na hasira, inahesabiwa kuliko elfu moja zetu za kubahatisha. Haya, bonyeza nne tuendelee, kuna watu nje."

Yustina aliitazama picha. Mwanamke aliyeketi barazani, mkoba mapajani. Alikumbuka alichokuwa anafikiria wakati ule. Alikuwa anafikiria kama amezima jiko.

"Hii siyo hasira."

"Najua."

"Unajua?"

"Yusta, na mimi kwenye picha yangu nilibonyeza nne. Unafikiri nilikuwa na hasira? Nilikuwa na njaa. Nilikuwa sijala tangu jana yake kwa ajili ya upasuaji." Tatu alijaribu kucheka. Mashavu hayakwenda popote, sauti tu ndiyo iliyocheka. "Ni kibonyezo tu."

"Basi bonyeza tano. Na mimi nabonyeza tano. Wawili tukikubaliana, inakuwa kweli, si ndivyo?"

"Nikibonyeza tano huna ugonjwa, huna matibabu, unatoka hapa na mashavu yako."

"Na picha inakwenda kule ikiwa sahihi."

"Picha moja." Tatu alishusha sauti. "Nimekaa kwenye kiti hiki miaka minne. Unajua nimepeleka nne ngapi? Wataniuliza kwa nini zote hizo ni hasira na hii moja ya shoga yangu ni utulivu. Na huu uso wangu?" Alisogeza nywele. Kovu lilishuka mbele ya sikio, jembamba, jeupe, likazunguka nyuma. "Nusu ya mdomo wangu haisikii chai ya moto. Unataka nikiri kwamba nilijikata bure?"

"Ulijikata bure, Tatu," alisema Yustina. "Mimi na wewe ndio tulioshika kisu. Tulikaa kwenye chai, tukala maandazi, tukawafanya mama zetu wote kuwa na hasira kwa sababu tulikuwa hatutaki kusimamiwa. Na ulicheka, na mimi nilicheka. Wewe angalau umeonja adhabu yake. Mimi nimekuwa nikimlaani yule kijana wa watu na mlango wake, kumbe mlango unarudia nilichoufundisha."

Macho ya Tatu ndiyo yaliyokuwa yamebaki huru usoni, na yalikuwa yamejaa maji.

Simu ya Yustina ililia. Alikuwa muuguzi wa zamu. Chupa ya Mwantumu ilikuwa imepasuka alfajiri, wakadhani bado sana, sasa njia imefunguka sentimita saba na anamwita kwa jina. Amekataa kushikwa na mtu mwingine.

"Unaona?" alisema Tatu, Yustina alipokata simu. "Bonyeza nne. Nyuzi zinawekwa ndani ya saa moja, mlango unakupokea, unamwahi mtu wako. Hapo ndipo penye maana. Hii ni picha moja, Yusta."

"Kule ghalani kila picha ilikuwa moja."

Alikaa na kidole juu ya meza. Hakuna mtu angejua. Mwantumu angeshikwa mkono, mtoto angezaliwa, na mahali fulani chombo kingejifunza kwa uhakika mkubwa zaidi, kutoka kwa mwenye uso, kwamba mwanamke akiketi na kupumzika ni mtu wa kuogopwa. Mwantumu naye angefika miaka hamsini siku moja. Mashavu yake yalikuwa laini, ya aina inayoshuka mapema.

Akabonyeza tano.

Tatu aliitazama ile tano muda mrefu. Kisha, bila kumwangalia, akabonyeza nne. Sauti ya chombo ikatangaza kwamba hawakubaliani, picha inarudishwa. Yustina alichukua mkoba wake, akatoka, akampita Dk. Lwitiko aliyekuwa mlangoni amevaa glavu, akamwambia asimguse.

*

Alikwenda kwa miguu, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa kwa matengenezo na magari yalikuwa yamekwama. Zaidi ya saa nzima ya jua la mchana, mlima mzima. Alikuwa amekasirika na Tatu, amekasirika na barua, na yule kijana na vidole vyake, na wananchi waliopiga makofi. Zaidi alikuwa amekasirika na msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa akicheka hata machozi. Huyo hakuweza kumkimbia wala kumpiga. Saa ya hospitali ilionyesha saa sita na dakika kumi na nane. Muda ulikuwa umepita.

Alifika mbele ya mlango wa wodi, akasimama, akavuta pumzi ili aviache vitu vyake nje kama kawaida. Havikuachika. Kutoka ndani alisikia Mwantumu akilia, sauti ya mtu anayebana mtoto kwa nguvu zake zote. Yustina akakaza meno. Taya likasimama, shingo ikanyooka, midomo ikabanwa ikawa mstari. Alijua mlango utamkataa na alikuwa tayari kuupiga teke. Aliinua uso, akaukazia macho.

Taa ikawaka kijani.

"Karibu, Sista Yustina," kilisema kipimauso. "Uso wako umetulia. Utulivu, asilimia tisini na mbili."

Mlango ukafunguka upesi, kwa adabu, kama ambavyo haujawahi kumfungukia.

Alisimama pale kizingitini, akaelewa. Kule ghalani hawakuwahi kuona hasira. Waliletewa picha za foleni, za vitambulisho, za harusi. Hasira waliyokifundisha chombo ilikuwa mashavu yaliyoshuka tu, na meno yakikazwa mashavu yanapanda. Nchi nzima ilikuwa inapita chini ya jicho lisilojua hasira ni kitu gani, na watu wenye ghadhabu ya kweli walikuwa wakipita kila siku mbele yake wakipewa kijani. Alitaka kucheka, lakini angecheka taya lingelegea. Akaingia na meno yake yamekazwa. Mlango wa leba nao ukamsifu.

Mwantumu alikuwa kwenye kitanda cha kujifungulia, magoti yamebanwa, jasho linamtoka, wauguzi wawili wasichana wakimbembeleza kwa nyuso za kijani. Alimwona Yustina, akashtuka.

"Sista," alisema. "Umekasirika?"

"Sana."

"Na mimi?"

"Siyo na wewe." Alikuwa ameshavaa glavu, ameshaukamata mkono wake. "Nitakueleza siku nyingine, ni maneno mengi. Wewe una haki ya kukasirika kuliko mimi. Walikwambia utulie, ukatulia, ukaumia. Leo usitulie. Fungua miguu."

Mwantumu alimtazama usoni, kwa makini, kama anayesoma. Vidole vyake vikabana mkono wa Yustina hata pete ikamwingia nyamani.

"Basi na mimi nimekasirika," alisema, akasukuma.

Ilichukua dakika ishirini na tano. Kichwa kilikuwa kikubwa kweli. Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo mara moja, na Yustina alikiondoa kwa kidole kabla ya mabega kupita, huku akimkaripia Mwantumu asisukume, kisha akimkaripia asukume. Mtoto wa kike alitoka bila kulia. Yustina alimsugua mgongo, akamsugua tena. Mtoto akalia.

Mwantumu alijilaza, akanyoosha mikono, na Yustina akamwekea mtoto kifuani, bado ana utelezi, bado kitovu kinapiga. Ndipo kitu fulani kilipomwachia Yustina mwili mzima. Meno yakaachana. Taya likashuka, mashavu yakashuka yakakaa mahali pake, na akabaki ameinama juu ya wale wawili, hana ugomvi na mtu yeyote duniani.

Ukutani, upande wa ndani wa mlango, taa ikawaka nyekundu.

"Hasira," kilisema kipimauso cha leba. "Asilimia themanini na nane. Muda wako umekwisha. Tafadhali toka nje. Mlinzi anakuja."

Wauguzi wawili walitazamana, kisha wakamtazama yeye. Mwantumu alimzungushia mtoto mikono yote miwili.

Yustina hakugeuka. Aliomba mkasi, akabana kitovu mahali pawili, akakata. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo la Mwantumu akasubiri, kwa sababu kondo la nyuma lilikuwa bado halijatoka.